Nasaba ya Lord Delamere na Wasomali Walioandamana Naye

Mtu akitoka mji wa Wajir na kushika njia iendayo kusini-mashariki, atakwenda katika nchi ya mchanga na miiba mpaka afike Diff, mji mdogo ulio mpakani mwa Kenya na Somalia. Wengine huliandika jina lake Diif. Hapo hapana mto wala mlima wa kumwambia mgeni kwamba nchi moja imekwisha na nyingine imeanza. Mpaka ule ni mstari ulionyoka, uliochorwa juu ya karatasi na Waingereza na Wataliano wakati Jubaland ilipotolewa kwa Italia. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1924, na nchi ikakabidhiwa mwaka 1925. Tangu siku hizo mtu wa Diff anaweza kuwa na binamu yake upande wa pili, akamwona kwa macho, na kumbe yule ni raia wa nchi nyingine.

Katika nchi hiyo hapakuwa na shamba la setla. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mgeni asiingie wala mwenyeji asitoke ila kwa kibali. Basi msomaji ataweza kuuliza: ikiwa twataka kutafuta wazee na wajukuu wa jamaa ya masetla, kwa nini tuanze Diff, tusianze Njoro au Naivasha? Majibu ni mawili. Kwanza, setla aliyepata sifa kuliko wote katika Kenya hakuingia kwa njia ya Mombasa. Aliingia kwa njia ya kaskazini, akiongozwa na Wasomali na ngamia wao. Pili, watu wa Diff wanaijua elimu ya nasaba kuliko wengi wetu, na yatufaa kujifunza kwao kabla hatujafungua vitabu vya Wazungu.

Elimu ya abtirsi

Wasomali huiita elimu hiyo abtirsi, maana yake kuhesabu mababu. Mtoto hufundishwa kutaja jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, na kuendelea hivyo bila kusita mpaka afike kwa mzee wa kabila. Mtoto asiyejua kusoma wala kuandika anaweza kutaja vizazi kumi na vitano au zaidi. Watu wawili wasiofahamiana wakikutana kisimani, kila mmoja hutaja majina yake, na wakifika kwenye jina moja wanajua ni ndugu wa kiasi gani, na nani amlipie nani dia kukitokea mauaji.

Wengi wa wenyeji wa Wajir Kusini ni Waogaden wa mlango wa Muhammad Zubeir, nao hujihesabu katika kizazi cha Darod. Hata hao si watu waliokaa hapo tangu mwanzo wa dunia. Wazee wao walivuka mto Juba katika karne ya 19, wakiwafuata ngamia zao, wakapigana na Waoromo waliokuwa na visima hivyo kabla yao. Ndivyo ilivyo kwa nasaba nyingi: ukizifuata sana, utamkuta mzee aliyekuja kutoka mahali pengine, na mwingine aliyeondolewa ili yeye apate kukaa. Tulikumbuke neno hili, kwa maana tutalikuta tena katika Bonde la Ufa.

Jina na cheo

Sasa tumtazame setla. Wengi wamesikia jina la Delamere, na mtu atakayetaka kuitafuta jamaa hiyo katika madaftari huenda akafungua herufi ya D, akakosa. Delamere si jina la ukoo, ni cheo. Jina la ukoo ni Cholmondeley, na Waingereza, ingawa huliandika kwa herufi nyingi hivyo, hulitamka kama kwamba limeandikwa Chamli. Basi asiyejua mambo hayo mawili atapotea mlangoni kabla hajaingia nyumbani.

Jamaa hiyo ilikaa Vale Royal, katika jimbo la Cheshire, Uingereza. Nyumba yenyewe ilijengwa mahali palipokuwa na makao ya watawa, nayo ikaja mikononi mwa akina Cholmondeley mwanzoni mwa karne ya 17, ikakaa katika ukoo kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley alipewa cheo cha Baron Delamere, naye ndiye wa kwanza. Alipokufa mwaka 1855 alimfuata mwanawe Hugh, aliye wa pili. Huyo wa pili alimzaa Hugh mwingine mwaka 1870, akafa mwaka 1887. Hivyo kijana wa miaka 17 akawa Lord Delamere wa tatu, mwenye nyumba kubwa na mashamba, na pupa ya kuwinda simba.

Habari hizo zote zimechapwa katika vitabu ambavyo Waingereza hutunza kwa ajili ya watu wenye vyeo: nani alizaliwa siku gani, nani alimwoa nani, nani alirithi. Vitabu hivyo ni abtirsi ya Mwingereza. Tofauti ni kwamba Msomali maskini na Msomali tajiri wote wanayo abtirsi yao kinywani, lakini katika Uingereza aliyechapwa kitabuni ni mwenye cheo na ardhi. Mkulima wa shamba lake aliandikwa katika daftari la kanisa tu.

Simba wa mwaka 1894

Delamere alifika nchi ya Wasomali mara ya kwanza mwaka 1891, akarudi tena na tena kuwinda. Mwaka 1894 simba alimrukia, akamwangusha na kumtafuna mguu. Mbeba bunduki wake, Msomali jina lake Abdullah Ashur, hakukimbia. Alimrukia yule simba kwa mikono yake, na katika nafasi hiyo Delamere akapata kuishika bunduki yake. Mzungu yule aliishi, ila alichechemea maisha yake yote.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili kidogo. Wakati ule Delamere hakuwa na mke wala mtoto. Kama Abdullah Ashur angalikimbia, pasingalikuwako shamba la Njoro wala la Soysambu kwa jina hilo, wala wana, wala wajukuu, wala vitukuu. Kila jina lililoandikwa chini ya Delamere wa tatu katika vitabu vile limesimama juu ya mikono ya mtu huyo mmoja. Lakini katika habari za safari zile yeye ametajwa kwa majina mawili tu, lake na lile linalofuata. Delamere ana vizazi vilivyohesabiwa kwa siku na mwezi. Mwokozi wake ana maneno mawili.

Njia ya kaskazini

Mwaka 1896 Delamere alifunga safari kubwa kutoka nchi ya Wasomali. Alikuwa na daktari, na mpiga picha, na mtu wa kukausha ngozi za wanyama, na ngamia wapatao 200, na Wasomali wa kuwaongoza. Wakashuka kusini wakapita nchi za Wasomali na Waborana, wakafika Marsabit, na mwaka 1897 wakatokea katika nyanda za juu za Kenya. Hatusemi kwamba msafara huo ulipita Diff. Njia yake ilikuwa mbali upande wa magharibi. Lakini nchi ilikuwa ya namna ileile, na ujuzi uliowavusha ulikuwa uleule wa watu wa Diff: kujua kisima kipi kina maji katika mwezi upi, na ngamia anaweza kwenda siku ngapi bila kunywa.

Baada ya miezi ya jua na miiba, waliona majani mabichi na mito ya maji baridi. Delamere aliyapenda mandhari hayo, akarudi kwao, na mwaka 1899 akaoa. Kisha akaja Kenya kukaa. Mnamo mwaka 1903 Serikali ikampa ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Kondoo wake walikufa, ng'ombe wake wakaugua, na ngano yake ikaliwa na kutu. Akapata Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, na huko mifugo ikamfaa zaidi.

Hapa ndipo tunapolikuta tena lile neno tulilosema tukumbuke. Malisho hayo yalikuwa ya Wamaasai. Kwa mapatano ya mwaka 1904 wengi wao waliondolewa Bonde la Ufa wakapelekwa Laikipia, na kwa yale ya mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia pia wakapelekwa kusini. Mwaka 1913 walikwenda mahkamani kudai haki yao, wasipate. Delamere mwenyewe alijifunza Kimaasai akawaajiri Wamaasai kuchunga. Walichunga mifugo ya mtu mwingine katika nchi waliyozaliwa baba zao. Mtu anayeandika nasaba ya shamba la setla asipoandika habari hiyo, ameandika nusu tu.

Upande wa wanawake

Abtirsi ya Wasomali huhesabu baba kwa baba, na vitabu vya vyeo vya Waingereza hufanya vivyo hivyo. Walakini mtafutaji wa nasaba asipowafuata wanawake hatafahamu jinsi masetla walivyoungana. Mke wa Delamere alikuwa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen wa nne, kutoka Ireland. Kwa sababu yake ndugu zake wawili, Galbraith na Berkeley, nao walikuja Kenya wakachukua mashamba. Berkeley Cole, katika vita vilivyoanza mwaka 1914, aliunda kikosi cha wapanda farasi ambacho ndani yake mlikuwa na Wasomali. Galbraith alifukuzwa nchini mwaka 1911 kwa kumwua mtu aliyemtuhumu kuiba kondoo, kisha akarudi. Berkeley alikufa mwaka 1925, na Galbraith mwaka 1929. Tazama basi: ukiifuata njia ya baba peke yake, akina Cole ni watu mbali, ukiifuata njia ya mama, ni wajomba wa nyumba ileile.

Lady Florence alikufa mwaka 1914, akaacha mtoto mmoja wa kiume, Thomas, aliyezaliwa mwaka 1900. Mwaka 1928 Delamere alioa mara ya pili, akamwoa Gwladys Markham, ambaye baadaye alikuwa Meya wa Nairobi, akafa mwaka 1943.

Wana na wajukuu

Lord Delamere wa tatu alikufa Novemba 1931. Thomas akawa wa nne, akaishi mpaka mwaka 1979. Alioa mara tatu, na mke wake wa tatu, Diana, alikufa mwaka 1987. Thomas huyo aliiona Kenya ikipata Uhuru mwaka 1963. Aliona barabara kubwa ya Nairobi iliyoitwa kwa jina la baba yake ikipewa jina la Kenyatta, na sanamu ya baba yake ikiondolewa mjini na kupelekwa Soysambu.

Baada yake cheo kilimwangukia mwanawe Hugh, aliyezaliwa mwaka 1934, naye ni wa tano. Mtoto wa Hugh aliitwa Thomas, na jina lake lilijulikana kwa habari za huzuni. Mwaka 2005 alimpiga risasi akamwua Samson ole Sisina, askari wa wanyama wa pori, na kesi ile ikaondolewa mahkamani. Mwaka 2006 mtu mwingine, Robert Njoya, aliuawa kwa risasi katika shamba la Soysambu; mwaka 2009 Mahkama Kuu ilimtia Thomas hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa miezi minane. Alikufa mwaka 2016, baba yake akali hai, akaacha wana wawili. Sehemu kubwa ya Soysambu imefanywa hifadhi ya wanyama.

Hivyo tumepata safu ya baba kwa mwana kutoka mwaka 1821: Thomas, Hugh, Hugh, Thomas, Hugh, Thomas, na wanawe. Msomaji aliyezoea abtirsi ataona kwamba si safu ndefu. Mtoto wa Diff angeikariri kabla chai haijachemka.

Nasaba ya walioandamana naye

Na wale Wasomali je? Waliowafuata Wazungu kutoka upande wa Berbera na Aden wengi walikuwa wa kabila la Isaaq, na wengine Waherti. Walikuja kama askari, na wabeba bunduki, na wasimamizi wa nyumba, na wachuuzi wa ng'ombe. Walikwenda kaskazini wakinunua ng'ombe kwa Waborana, wakawaleta nyanda za juu wakawauzia masetla. Ng'ombe waitwao Boran, ambao masetla walijivunia katika maonyesho ya kilimo, asili yao ni mazizi ya kaskazini, na wengi waliletwa na wachuuzi hao. Kisha karantini zikawekwa mara kwa mara, na mifugo ya kaskazini ikazuiwa isishuke kusini, ikasemwa ni kwa kuogopa maradhi. Na mfugaji wa Wajir akakosa soko la mali yake mwenyewe.

Wasomali hao wakajenga Nairobi, na Naivasha, na Isiolo, ambako askari wengi wa vita vya kwanza walikaa. Mwaka 1919 sheria ilitungwa iliyowaruhusu baadhi yao kutohesabiwa kuwa wenyeji katika mambo fulani. Sheria mpya ya kodi ilipotoka mwaka 1936, iliwatoza Wasomali kodi ndogo kuliko ya Waasia. Mtu angedhani watafurahi. La! Waisaaq walipeleka malalamiko mpaka London wakitaka kulipa kodi kubwa, ili wahesabiwe pamoja na Waasia. Hoja yao ilikuwa nasaba: walisema wao ni wana wa Sheikh Ishaq, aliyetoka Arabuni akazikwa Maydh katika nchi ya Wasomali. Kwao, abtirsi ilikuwa shahidi wa kupeleka mbele ya Serikali.

Nasaba mbele ya meza

Jambo hilo halikwisha na ukoloni. Mwezi wa Novemba mwaka 1989 Serikali ya Kenya iliamuru kila Msomali mtu mzima afike mbele ya kamati achunguzwe kama ni raia. Watu waliulizwa ukoo wao, na mlango wao, na jina la mzee wao. Waliokubaliwa wakapewa kadi maalumu ya rangi ya waridi, ambayo mkenya wa kabila jingine hakutakiwa kuwa nayo. Mtu wa Diff aliyezaliwa hatua chache kutoka mpakani aliulizwa aonyeshe kwamba ni wa upande huu wa mstari, mstari ambao babu yake aliukuta umechorwa bila kuulizwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa mpakani aliyetaka kitambulisho ilimbidi achunguzwe zaidi ya wenzake. Februari mwaka 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuuondoa uchunguzi huo wa ziada katika kaunti za mpakani.

Sasa tuziweke nasaba mbili pamoja. Jamaa ya Cholmondeley ilikuja na karatasi, ikapewa ardhi kwa karatasi, na hakuna kamati iliyowaita kutaja jina la babu wa nane. Wale waliowaonyesha njia na kuwaokoa na simba walikuja na abtirsi kinywani, na wajukuu wao wakaulizwa karatasi. Aliyeongozwa amekuwa mwenye kitabu, na aliyeongoza amekuwa mwenye kushukiwa. Hilo ndilo linalofanya nasaba isiwe mchezo wa wazee wanaokunywa chai jioni. Nasaba ni haki ya mtu kusimama mahali alipo.

Shauri kwa wanaotaka kutafuta

Anayetaka kuitafuta jamaa ya masetla na aanze na mambo haya. Ajue jina la ukoo na jina la cheo, na namna zote za kuyaandika. Atafute katika Gazeti rasmi la Serikali, na madaftari ya ardhi, na ya makanisa, na mawe ya makaburi. Aende katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa mjini Nairobi, ambako taarifa za mwaka za mabwana wilaya zimewekwa, za Wajir na Garissa zikiwa miongoni mwao. Awafuate akina mama kama anavyowafuata akina baba. Kisha aulize: nani alichunga, nani alipika, nani aliongoza msafara, na nani alikuwa akikaa hapo kabla? Majibu ya maswali hayo hayamo sana vitabuni. Yamo kwa wazee.

Na ninyi mlio na wazee nyumbani, msingojee. Chukua daftari, keti na bibi yako na babu yako, uandike majina yote: ya baba na ya mama, na mahali alipozaliwa kila mmoja, na kisima alichonywesha, na mwaka wa njaa au wa mvua kubwa uliokuwa karibu. Andika na jina la bwana aliyemtumikia, na kazi aliyoifanya. Kinywa huhifadhi vyema, lakini kinywa hufa na mwenyewe. Karatasi huhifadhi, lakini hunyamaza juu ya yule ambaye hakuna aliyetaka kumwandika. Mwenye vyote viwili ndiye aliye salama, akiitwa mezani na akiitwa kisimani.